Kifungo Kinachopitishwa: Kusemeana kwa Mwalimu na Adhabu ya Lugha katika Shule za Kenya ya Kikoloni

Ikisiri

Insha hii inachunguza desturi ya shule ambayo kwayo mtoto alitakiwa kumsemea mwenzake kwa mwalimu kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani. Kitovu cha uchunguzi ni shule za Kenya katika miaka ya 1950, kama zilivyosimuliwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, na ulinganisho unafanywa na shule za Welisi katika karne ya 19. Hoja inayojengwa ni kwamba madhara ya desturi hiyo hayakuishia kwenye viboko wala kwenye kudunishwa kwa lugha. Desturi hiyo iliharibu pia tendo la kumweleza mtu mzima kosa la mwenzako: tendo ambalo kwa kawaida ni ombi la ulinzi liligeuzwa kuwa kazi ya lazima inayofanywa kwa hofu.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kusemea kina maana mbili zinazokaribia kupingana. Kumsemea mtu ni kusema kwa niaba yake pale ambapo yeye mwenyewe hawezi kusema. Kumsemea mtu ni, vilevile, kupeleka habari za kosa lake kwa mkubwa wake ili aadhibiwe. Mtoto anayetamka "nitakusemea kwa mwalimu" anatumia maana ya pili, na mwenzake anayemsihi asifanye hivyo anaielewa bila kufafanuliwa. Kando ya kitenzi hicho vipo vingine viwili vinavyohusiana nacho. Kushtaki hudokeza kwamba msemaji ameonewa na anatafuta haki. Kuchongea hudokeza kwamba msemaji ana nia ya kumtia mwenzake matatani. Mgawanyo huu wa maana si jambo la kamusi tu. Unaonyesha kwamba wasemaji wa lugha hii wanamtenganisha mtoto anayekimbilia kwa mtu mzima kwa kuwa ameumizwa na mtoto anayefanya hivyo kwa sababu nyingine.

Historia ya elimu katika makoloni inatoa mfano wa taasisi iliyofuta mgawanyo huo. Katika shule nyingi za Kenya, hasa kuanzia miaka ya 1950, mwanafunzi aliyesikika akiongea lugha ya mama alikabidhiwa kitu kidogo, naye alitakiwa kukipitisha kwa mwenzake atakayefanya kosa lilelile. Kitu hicho kiliitwa kwa majina mbalimbali. Vizazi vya baadaye vimekikumbuka kwa jina la monto au diski. Katika maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o kilikuwa kifungo cha nguo, na neno hilo katika Kiswahili hubeba pia maana ya kufungwa gerezani.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu desturi hii umejikita zaidi katika hatima ya lugha za Kiafrika, na jambo hilo lina haki yake. Insha hii inaelekeza macho mahali pengine: kwenye uhusiano wa mtoto na mtoto. Maswali yanayoongoza uchunguzi ni matatu. Kwanza, kwa nini shule iliwahitaji wanafunzi wenyewe kuwa wapelelezi? Pili, utaratibu wa kupitisha kifungo ulifanyaje kazi, na ulimfundisha nini mtoto aliyekishika? Tatu, mafunzo hayo yalikuwa na uzito gani katika nchi iliyokuwa katika vita vya Mau Mau?

2.0 Mwalimu mmoja, wanafunzi wengi

Shule ya kumtumia mwanafunzi kumsimamia mwanafunzi haikubuniwa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell aliutumia mtindo huo katika kituo cha yatima wa kiume huko Madras, India, na mwaka 1797 alichapisha maelezo yake. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alianzisha shule yake huko Southwark, London, ambako mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi waliotangulia kidogo kimasomo. Wanafunzi hao waliitwa monita, neno ambalo limeingia katika Kiswahili cha shule na kubaki humo hadi leo.

Monita wa Lancaster hakuwa mfundishaji tu. Alipewa kadi zilizoandikwa makosa, kwa mfano kwamba mtoto ameonekana akizungumza au akikaa bure. Alipomwona mkosaji alimkabidhi kadi, na mkosaji alipaswa kuipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule. Lancaster alipinga kuchapa watoto, lakini badala ya fimbo aliweka aibu: mkosaji aliweza kuvishwa gogo shingoni au kuning'inizwa ndani ya kikapu mbele ya wenzake. Mambo mawili ya mfumo huu yanastahili kuzingatiwa kwa sababu yatajitokeza tena: kosa liligeuzwa kuwa kitu kinachoshikika mkononi, na adhabu ilivaliwa mwilini ili ionekane.

Tawi la pili la usimamizi wa aina hii lilitoka katika shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza. Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi kifo chake mwaka 1842, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka ya kusimamia nidhamu ya wadogo wao. Mtindo huo ulisafiri pamoja na walimu hadi kwenye shule teule za makoloni: King's College Budo nchini Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1906, Shule ya Serikali ya Tabora nchini Tanganyika, iliyofunguliwa kwa ajili ya wana wa machifu, na Alliance High School nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1926. Kiranja wa shule hizo alikuwa na cheo, alijulikana na wote, na aliwajibika kwa mwalimu.

Hapa ndipo tofauti muhimu ilipo. Monita na kiranja ni watu walioteuliwa. Mwanafunzi anajua ni nani anayemtazama, na anajua kwamba rafiki yake wa kawaida hana wajibu huo. Utaratibu wa kifungo uliondoa mpaka huu. Haukuteua mtazamaji, ulimfanya kila mtoto kuwa mtazamaji kwa zamu, na zamu yenyewe iliangukia kwa yule ambaye ametoka kukosa.

3.0 Kijiti cha Welisi na ushahidi wa mwaka 1847

Mfano wa kale uliorekodiwa vizuri zaidi wa utaratibu huu unatoka Welisi, nchi iliyo chini ya utawala wa Uingereza ambako Kiwelisi kilikuwa lugha ya nyumbani ya watu wengi katika karne ya 19. Mwaka 1847 ilichapishwa ripoti ya tume ya serikali iliyochunguza hali ya elimu nchini humo. Ripoti hiyo iliwadharau sana Wawelisi, dini zao na maadili yao, kiasi kwamba katika kumbukumbu za taifa hilo inatajwa kama usaliti. Kwa hiyo haiwezi kushukiwa kuwa iliandikwa kwa huruma kwa lugha ya Kiwelisi. Hilo ndilo linaloupa uzito ushahidi wake kuhusu kijiti.

Ripoti inaeleza kwamba mwanafunzi aliyesikika akiongea Kiwelisi alipewa kijiti, naye aliweza kukihamishia kwa mwenzake yeyote aliyemsikia akitenda kosa hilohilo. Kijiti kilipita mkono kwa mkono hadi mwisho wa juma, na yule aliyekutwa nacho ndiye aliyechapwa. Tume ilimwona mtoto aliyevishwa kipande cha ubao shingoni kwa kamba, na ikabainisha kwamba mtoto huyo hakujua Kiingereza. Alichoweza kuchagua ni kuongea Kiwelisi au kunyamaza kabisa.

Maelezo yanayohusu zaidi uchunguzi huu ni yale ya athari. Wachunguzi waliandika kwamba desturi hiyo iliwafanya watoto waende kwa kunyatia hadi kwenye nyumba za wanafunzi wenzao ili kuwanasa wakiongea Kiwelisi na wazazi wao, na hivyo kuwahamishia adhabu iliyokuwa inawasubiri wao. Watumishi hao wa serikali waliamini kwamba Kiwelisi ni kikwazo cha maendeleo, na walitaka Kiingereza kienee. Hata hivyo, walipoona mtoto anapenya hadi ukumbini mwa jirani kusikiliza mama anazungumza na mwanawe, walitambua kwamba kuna jambo limeharibika.

Kijiti hakikuwa sera iliyotungwa na serikali kuu. Walimu walikitumia kwa hiari yao, na wazazi wengi walikubali kwa sababu Kiingereza kilikuwa lugha ya ajira, mahakama na kupanda cheo. Desturi zinazofanana nacho zilikuwapo kwingineko. Katika shule za Ufaransa ishara kama hiyo ilitumika dhidi ya lugha za majimbo, kikiwamo Kibretoni, kisha ikatumika katika makoloni ya Kifaransa ya Afrika Magharibi. Huko Okinawa, baada ya visiwa hivyo kufanywa mkoa wa Japani mwaka 1879, shule ziliwavisha watoto kibao cha mbao kwa kosa la kuongea lugha yao. Ufanano huu hauhitaji kuelezwa kwa njia moja ya kuambukizana. Mazingira yalifanana: madarasa makubwa, mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya lugha ya watawala, na kosa linalotendwa mahali ambapo mwalimu hayupo. Fimbo ya mwalimu hufika mbali kama mkono wake, ilhali lugha ya mama huongewa uwanjani, njiani na kisimani. Mtu pekee anayefika huko ni mtoto mwingine.

4.0 Kifungo cha Limuru

Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa mwaka 1938 katika eneo la Limuru. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, anaeleza kwamba alisoma katika shule za Kamaandura, Manguuo na Kinyogori, na kwamba katika miaka yake minne ya mwanzo lugha ya kufundishia ilikuwa Kikuyu. Lugha ya shule ililingana na lugha ya shamba na ya hadithi za jioni. Manguuo ilikuwa miongoni mwa shule huru zilizoendeshwa na Waafrika wenyewe baada ya mgogoro wa miaka ya 1920 na 1930 kati ya jamii ya Wakikuyu na misheni.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Shule huru zilifungwa au kuwekwa chini ya bodi za elimu za wilaya zilizoongozwa na Waingereza. Kwa maelezo ya Ngũgĩ, hapo ndipo Kiingereza kilipokuwa zaidi ya lugha. Kikawa kipimo cha kila kitu. Mtoto aliyenaswa akiongea Kikuyu karibu na shule aliweza kuchapwa viboko vitatu hadi vitano matakoni, au kuvishwa shingoni bamba la chuma lenye maandishi ya kumwita mjinga au punda. Wakati mwingine alitozwa faini ambayo familia yake haikuimudu kwa urahisi.

Bamba hilo la shingoni halikuwa kitu kigeni machoni pa watoto wa Kenya. Kwa miaka mingi wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande, cheti cha usajili wa wafanyakazi kilichowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Mtoto aliyevishwa bamba shuleni alikuwa anavaa kitu kinachofanana na alichokiona kwa baba zake.

Namna ya kuwapata wakosaji ndiyo iliyotegemea kifungo. Asubuhi kilikabidhiwa kwa mwanafunzi mmoja, ambaye alipaswa kumpa yeyote atakayemnasa akiongea lugha ya mama. Huyo naye alikipitisha kwa mwingine. Jioni aliyebaki nacho alitakiwa kumtaja aliyempa, naye aliyetajwa akamtaja aliyempa yeye, hadi wakosaji wote wa siku hiyo wakajulikana. Ngũgĩ anahitimisha kwamba kwa njia hiyo watoto waligeuzwa wawindaji wa wenzao na kufundishwa kwamba kuisaliti jamii yako ya karibu kuna faida.

Faida hiyo ilikuwa halisi. Ngũgĩ anataja mvulana wa darasa la mwaka 1954 aliyepata alama za juu katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, akahesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima, na akaishia kuwa utingo wa basi. Yeye Ngũgĩ, aliyekuwa na alama za kawaida tu lakini amefanya vizuri katika Kiingereza, alipata nafasi Alliance. Kwa mwalimu, ambaye mara nyingi alikuwa Mwafrika anayekaguliwa na wakubwa wake, kifungo kilionekana kuwa msaada kwa wanafunzi wake. Alikuwa anawaepusha na utingo. Uelewa huu ni wa lazima kwa mwanahistoria, kwa sababu desturi ambayo ingetegemea ukatili wa walimu peke yake isingedumu. Kifungo kilidumu kwa kuwa kiliendeshwa pia na watu waliowatakia watoto mema.

5.0 Mnyororo wa ushahidi

Ukilinganisha kijiti cha Welisi na kifungo cha Limuru, unaona tofauti ambayo haijapewa uzito wa kutosha. Kule Welisi, kama ripoti ya mwaka 1847 inavyoeleza, aliyechapwa ni yule aliyekutwa na kijiti mwishoni. Adhabu ilikuwa moja, na kazi ya kila mtoto ilikuwa kuhakikisha kwamba haimwangukii yeye. Kumsemea mwenzako kulikuwa kumhamishia mzigo. Baada ya hapo ulikuwa huru.

Kifungo cha Limuru hakikumpa mtoto uhuru huo. Aliyekipitisha saa nne asubuhi bado alikuwa na jina lake ndani ya mnyororo, na jioni lingetajwa. Hivyo kifungo hakikuwa mzigo unaohama. Kilikuwa kumbukumbu inayoongezeka. Kila aliyekigusa alikuwa mshtakiwa, kisha shahidi dhidi ya aliyempa. Mwalimu hakuhitaji kusikia neno lolote la Kikuyu, wala hakuhitaji kuthibitisha chochote. Aliketi mwishoni mwa siku na kusikiliza watoto wakifungua mnyororo pete kwa pete.

Katika utaratibu kama huo maswali ya kawaida ya haki hayana nafasi. Mtoto anayemshtaki mwenzake kwa kumpiga ana jeraha la kuonyesha, na mwalimu ana jambo la kuamua: nani alianza, nani aliumia, nini kifanyike. Mtoto anayemtaja mwenzake kwa kuongea Kikuyu hana jeraha. Hakuna aliyeumizwa na maneno yale. Huenda yalikuwa mzaha au ombi la kuazima penseli, na huenda aliyeyasikia ndiye aliyeambiwa. Kosa lilihitaji mtu wa pili ili litendeke, kwa kuwa mtu haongei peke yake, na mtu huyohuyo wa pili ndiye aliyekuwa shahidi. Kila mazungumzo ya kirafiki yalikuwa na hatari ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema; hapa shule ndiyo iliyokitia nguoni.

Ipo pia hali ya mtoto aliyeamua kutomtaja mtu. Kwa mantiki ya mnyororo, ukimya wake haukuwa fadhila ya kimya tu. Uliukata mnyororo na kuwaokoa wote waliotangulia, lakini ulimwacha yeye akiwa na kifungo mkononi na hatia ya ukaidi juu ya hatia ya lugha. Uaminifu kwa wenzake uligeuzwa kuwa kosa kubwa kuliko lile la awali. Ndivyo shule ilivyomfundisha mtoto kwamba mwema ni yule anayetaja majina.

6.0 Nje ya uzio wa shule

Mafunzo haya yalitolewa katika miaka ambayo kutaja majina kulikuwa jambo la uhai na kifo. Katika Kenya ya kati, polisi, jeshi na walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali waliwasaka wafuasi wa Mau Mau. Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil jijini Nairobi, ambamo makumi ya maelfu ya watu walikusanywa na kuchujwa. Katika uchujaji, watu walipitishwa mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia lililotobolewa matundu ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Aliponyoosha kidole au kutikisa kichwa, safari ya mshukiwa kuelekea kizuizini ilianza. Ndani ya kambi, kukiri kuwa umekula kiapo hakukutosha. Mfungwa alitarajiwa kuwataja wengine: nani alimlisha kiapo, nani walikuwapo.

Ufanano kati ya uchujaji huo na mnyororo wa kifungo hautokani na amri moja iliyowafikia askari na walimu. Unatokana na tatizo moja la utawala: namna ya kuijua jamii ambayo watawala hawaielewi lugha yake na hawaaminiwi nayo. Suluhisho katika sehemu zote mbili lilikuwa kumfanya mwanajamii awe jicho la utawala, na kuifanya hofu yake mwenyewe iwe malipo ya kazi hiyo.

Kwa mtoto wa Limuru ulimwengu huu ulikuwa nyumbani. Katika kumbukumbu zake, Dreams in a Time of War, zilizotoka mwaka 2010, Ngũgĩ anasimulia kwamba kaka yake, Wallace, alikimbilia msituni kujiunga na wapiganaji. Familia yenye mtu msituni iliishi kwa ukimya. Neno moja la mtoto, lililotamkwa mahali pasipofaa, liliweza kuwaletea askari. Mtoto huyo aliamka katika nyumba ambamo kutosema kulikuwa wajibu wa kwanza kwa ndugu, akaenda shuleni ambako kusema kulikuwa wajibu wa kwanza kwa mwalimu. Alitakiwa kuzishika sheria mbili zinazokanushana, na kuibadilisha moja kwa nyingine langoni.

Hapa ndipo hasara ya kifungo inapoonekana kwa ukamilifu. Katika jamii yenye amani, mtoto anayejifunza kwamba mwenzake anaweza kumchongea hupata huzuni ya utotoni. Katika jamii iliyo vitani, anajifunza jambo ambalo watu wazima wanaomzunguka wanalilipia kwa mali, uhuru na uhai.

7.0 Baada ya uhuru

Uhuru wa Kenya mwaka 1963 haukukiondoa kifungo. Kiingereza kilibaki lugha ya mtihani, na sababu iliyowasukuma walimu wa miaka ya 1950 haikubadilika. Monto na diski viliendelea kupita mikononi mwa watoto katika shule nyingi, mara kwa mara vikiwa kipande cha mbao au mfupa uliofungwa kamba. Jambo lililobadilika ni orodha ya lugha zilizohukumiwa: katika baadhi ya shule hata Kiswahili kilihesabiwa kuwa kosa katika siku zilizotengwa kwa Kiingereza.

Tanzania ilifuata njia yake. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, lakini Kiingereza kilibaki lugha ya shule za sekondari. Matokeo yake ni kwamba lugha ya taifa, ambayo mtoto ameitumia kwa miaka saba darasani bila lawama, ingeweza kuwa kosa siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Vibao vya kuwaamuru wanafunzi waongee Kiingereza vilitundikwa kwenye kuta na miti ya shule, na katika baadhi ya shule viranja walipewa kazi ya kuandika majina ya wanaokaidi. Karatasi hiyo ya majina ni ndugu wa orodha ya wapiga kelele, ambayo mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki anaifahamu: mwalimu anapotoka, monita anaandika, mwalimu anaporudi, majina yanasomwa.

Sheria imesogea mbele ya desturi. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali, katika ibara ya 7, ikuze lugha za wenyeji. Hata hivyo, sheria hizo zinagusa pande mbili tu za kifungo: fimbo na lugha. Upande wa tatu, yaani mtoto kulazimishwa kumtaja mtoto, hauna ibara yake. Shule inaweza kuacha fimbo, ikaruhusu lugha ya mama katika madarasa ya chini, na bado ikaendelea kutegemea orodha ya majina.

Upande huo unastahili kuangaliwa kwa sababu shule za leo zinamwomba mtoto asema. Zinamtaka aeleze anapoona mwenzake ananyanyaswa, anapigwa bwenini, ananyang'anywa chakula, au anapoguswa vibaya na mtu mzima. Maombi hayo ni ya haki. Lakini yanatolewa kwa mtoto ambaye taasisi ileile imemzoesha kumtaja mwenzake kwa kunong'ona darasani. Iwapo kumtaja aliyenong'ona na kumtaja aliyemjeruhi mwenzake hufanyika kwa njia moja, mbele ya mwalimu mmoja, na huishia katika adhabu moja, mtoto hana namna ya kujua kwamba tendo la pili ni la aina nyingine. Wenzake nao hawana namna ya kujua. Wote wawili wataitwa kwa jina moja: mchongezi.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba kifungo kilikuwa hatua ya mwisho katika historia ndefu ya shule kuwatumia wanafunzi kuwasimamia wanafunzi. Monita wa Lancaster alikuwa ameteuliwa. Kijiti cha Welisi kilimfanya mkosaji kuwa msakaji. Kifungo cha Limuru kilimfanya kila mkosaji kuwa shahidi. Katika kila hatua gharama ya usimamizi ilipungua kwa mwalimu na kuongezeka kwa mtoto. Wachunguzi wa mwaka 1847 waliiona hasara hiyo na kuiandika, ingawa walikubaliana na lengo la desturi. Miaka zaidi ya 100 baadaye desturi yenyewe ilikuwa hai katika nchi nyingine, katika wakati ambao hasara yake ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa utafiti wa historia ya elimu, matokeo haya yanadokeza kwamba adhabu ya lugha isipimwe kwa idadi ya wasemaji waliopotea peke yake. Ipimwe pia kwa kile kilichotokea kati ya watoto wawili waliokuwa wakizungumza, mmoja akiwa na kifungo mfukoni. Kwa wanaotunga kanuni za shule, funzo ni la vitendo: kanuni isiyoweza kusimamiwa bila watoto kuchongeana, juu ya jambo lisilomdhuru yeyote, inaligharimu shule jambo ambalo italihitaji siku nyingine. Siku hiyo ni ile ambayo mtoto mmoja ameumia na hawezi kusema, na usalama wake unategemea mwenzake kwenda kwa mwalimu na kumsemea, kwa maana ya kwanza ya neno hilo.